Maswali ya Wasomaji: Simu ya Nje Inaita, Sauti Haifiki

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, habari za kazi. Nimeajiriwa katika ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo iliyopo Gerezani, Kariakoo. Bosi aliniagiza nipunguze gharama za simu, nami nikaichukua kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo, nikaweka Asterisk, programu inayoigeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu, pamoja na FreePBX, kurasa za kuupangia mtambo huo, kisha tukanunua simu sita za mezani zinazotumia mtandao. Simu za ndani hazina shida yoyote: mapokezi akiwa kwenye namba 101 anampata mtu wa stoo kwenye 104 mara moja. Baadaye tukalipia laini ya nje ya SIP, yaani laini ya simu inayopita kwenye intaneti, yenye namba ya 022, na tangu siku hiyo sijapata usingizi. Mwanzoni mteja akipiga alijibiwa na sauti ya Kiingereza kwamba namba haitumiki. Nikabadilisha mipangilio, simu zikaanza kuingia tunapowasha mtambo asubuhi, lakini muda si mrefu zinakoma mpaka mmoja wetu apige nje kwanza. Hata hizo zinazoingia, mteja anatusikia ila sisi hatumsikii, na baada ya nusu dakika hivi simu inakatika yenyewe. Waliotuuzia laini wanasema upande wao hauna kasoro. Bosi naye ameanza kutaja habari za kurudi kwenye simu za mkononi. Nifanye nini?
Msomaji wa Gerezani

JIBU: Ndugu yangu wa Gerezani, pole sana, na umwombe bosi avute subira kwa wiki moja. Unayo matatizo manne yaliyokuja kwa pamoja, nawe umekuwa ukiyatafutia dawa moja. Waliokuuzia laini huenda wanasema kweli kwa jinsi wanavyoona, kwa sababu kwenye skrini yao mtambo wako unaonekana umesajiliwa na uko hewani. Lakini kusajiliwa hakuthibitishi kwamba simu itafika, wala kwamba sauti itapita.

Simu za ndani zinafanya kazi kwa sababu vifaa vyote viko katika mtandao mmoja, kila kimoja kinaiona anwani ya mwenzake bila ruta kusimama katikati. Simu ya nje ni jambo jingine, kwani kwa utaratibu wa SIP, uliochapishwa katika sura yake ya sasa mwezi Juni 2002, mazungumzo mamoja husafiri kwa njia mbili zinazojitegemea. Ya kwanza ni ya ujumbe wa kuita, kuitikia na kukata, ambao kwa kawaida hupita kwenye poti 5060, poti ikiwa ni kama mlango wenye namba katika kompyuta. Ya pili ni ya sauti yenyewe, inayopita kwenye poti nyingine kabisa, ambazo katika Asterisk kwa kawaida ni kati ya 10000 na 20000. Ndiyo maana simu inaweza kuita, ikapokelewa, saa ya mazungumzo ikaanza kuhesabu, na bado usisikie neno. Ukilishika hilo, mengine yote yataeleweka.

Tuanze na ile sauti ya Kiingereza. Haikutoka kwa kampuni iliyokuuzia laini; ilitoka kwenye mtambo wako mwenyewe. FreePBX hutoa tangazo hilo simu inapofika na ikakosa njia ya kuingilia (Inbound Route) inayolingana na namba iliyopigwa. Mteja alipiga 022 na tarakimu zake saba, lakini kampuni moja huileta namba hiyo ikianza na 022, nyingine ikianza na 25522, nyingine ikianza na alama ya kujumlisha mbele ya 255. Kwa jicho lako ni namba ileile, kwa mtambo ni namba tatu tofauti. Usikisie. Fungua dirisha la amri la Asterisk, andika pjsip set logger on, piga ukitumia simu yako ya mkononi, kisha usome namba ilivyoandikwa katika ujumbe ulioingia na uinakili kama ilivyo kwenye njia ya kuingilia. Tangazo hilohilo hutoka pia kampuni inapoleta simu kutoka anwani ya IP ambayo mtambo wako haukuambiwa kwamba ni yao. Omba orodha ya anwani zao zote na uziandike kwenye mipangilio ya trunki, yaani ya hiyo laini ya nje. Na ikiwa maelekezo uliyoyafuata yanakutaka uhariri faili la sip.conf, yaache. Yanahusu moduli ya zamani iliyoondolewa kabisa katika toleo la 21 la Asterisk, mwaka 2023.

Sasa kuhusu simu zinazoingia asubuhi na kukoma. Hapa mkosaji ni ruta. Mtambo wako unapojisajili kwa kampuni, ruta hufungua tundu dogo la kupitishia majibu, nayo hukumbuka tundu hilo kwa muda mfupi tu, aghalabu sekunde 30 au dakika chache, kisha hulisahau. Usajili wenyewe huenda unafanywa upya kila baada ya sekunde 3600, yaani saa nzima. Katikati ya hapo kampuni inagonga mlango ambao ruta imekwisha kuufunga. Mmoja wenu anapopiga nje tundu linafunguka tena, na ndiyo maana mkadhani kwamba kupiga nje ni dawa. Tiba ni kuutaka mtambo utume salamu fupi kwa kampuni mara kwa mara. Katika FreePBX mpangilio huo huitwa Qualify Frequency, na kwa kawaida umewekwa sekunde 60. Kwa ruta isiyo na kumbukumbu hizo ni nyingi mno. Weka 25.

Mteja kuwasikia ninyi msimsikie, pamoja na simu kukatika, ni watoto wa mama mmoja. Mtambo wako unapoitikia simu hutaja anwani ambayo ungependa kuletewa sauti, na kwa kuwa haujui kwamba uko nyuma ya ruta, hutaja anwani yake ya nyumbani, tuseme 192.168.1.10. Anwani hiyo ipo katika maelfu ya ofisi za jiji hili na kwenye intaneti haielekei popote, kwa hiyo sauti ya mteja hutumwa gizani. Sauti yenu inafika kwake kwa sababu kampuni imewatajia anwani halisi. Kukatika nako kuna hesabu yake, na hesabu hiyo hunifurahisha kila ninapoiona: mtambo wako ukisema nimepokea, kampuni inapaswa kujibu kwamba imesikia, lakini jibu hilo nalo linatumwa kwenye ile anwani ya nyumbani na kupotea. Mtambo hurudia, hurudia tena, na kwa kanuni za SIP hukata tamaa zikitimia sekunde 32. Chukua saa upime. Ukipata 32 au karibu na hapo, hakuna haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Kurekebisha, ingia kwenye mipangilio ya SIP ya FreePBX, andika anwani ya nje ya ofisi yako kwenye sehemu ya External Address, na mtandao wenu wa ndani kwenye Local Networks. Kisha kwenye ruta elekeza poti za UDP 10000 hadi 20000 ziende kwenye kompyuta ya mtambo, na uzime kitu kiitwacho SIP ALG, kinachobadilisha ujumbe wa SIP unapopita kwenye ruta. Hicho kiliwekwa na watengenezaji wa ruta kwa nia ya kusaidia, lakini katika miaka yangu ya kazi hii kimenisumbua mara nyingi kuliko kilivyonifaa.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, hakikisha kwamba unayo anwani ya nje. Angalia anwani ambayo ruta imepewa na mtoa huduma wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi unachangia anwani moja na wateja wengine wengi, hali iliyo ya kawaida kwa intaneti ya laini za simu, na hutaweza kuelekeza poti yoyote hata ukikesha. Hapo omba anwani ya kudumu ya peke yenu, ambayo mara nyingi hulipiwa zaidi kidogo, au uulize kampuni ya simu kama mitambo yao inaweza kuirudisha sauti kule ilikotokea sauti yenu bila kujali anwani iliyotajwa. Kampuni nyingi zinaweza, ila mpaka uulize.

Upana wa intaneti usikutishe. Simu moja kwa kodeki ya G.711, yaani namna mojawapo ya kuigeuza sauti kuwa data, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti peke yake, na ukijumlisha bahasha za pakiti inafika kama 80 au 90, kwenda na vivyo hivyo kurudi. Simu zenu sita zikizungumza kwa wakati mmoja hazijafika hata megabiti moja. Kodeki hiyo ina aina mbili; chagua alaw, ambayo ndiyo inayotumika kwetu, badala ya ulaw ya Marekani. Kinachoharibu mazungumzo ni ucheleweshaji: sauti ikichukua zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, watu huanza kuingiliana maneno. Kwa sababu hiyo siwashauri wasomaji wa Dar es Salaam kuchukua laini ya bei rahisi kutoka kwa mtoa huduma wa Ulaya. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy, zilizotufikia mwaka 2009 na 2010, zimetufaa mno, lakini hakuna sababu ya simu ya kutoka Gerezani kwenda Temeke kupitia London.

Hukuniuliza kuhusu usalama, nami sitakuacha uende bila kukueleza. Miaka ya nyuma nilikuwa nikiutunza mtambo wa ofisi moja ya Upanga, nikaipa simu namba 200 na nywila yake ikawa 200 vilevile, nikijisemea kwamba nitaibadilisha Jumatatu. Jumamosi usiku mtu asiyejulikana aliipata, akapiga nchi ambazo hata sikuzifahamu, na Jumatatu tulipofika salio lote la mwezi lilikuwa limekwisha. Kosa lilikuwa langu. Mashine zinazotafuta poti 5060 zilizo wazi hazilali, kwa hiyo ruhusu poti hiyo kwa anwani za kampuni iliyokuuzia laini peke yake, weka nywila ndefu zinazotungwa na mtambo wenyewe, washa fail2ban, programu inayowafungia mlango wanaokisia nywila, na ulipie laini kwa salio la kabla ili hasara iwe na ukomo. Kwenye njia za kutokea ruhusu namba zinazoanza na 02, 06 na 07 zenye tarakimu kumi, pamoja na 112 ya dharura ipite bila kubadilishwa chochote. Zile zinazoanza na 000, yaani za kimataifa, zifungwe kwa kila mtu isipokuwa bosi, na yeye awe na namba ya siri.

Jambo la mwisho ni la adabu zaidi kuliko ufundi. Usiuache mtambo upokee simu kwa sauti ya mapokezi pale inapoita tu. Mteja wetu mara nyingi anabipu, akitarajia apigiwe. Mtambo ukimdaka kabla hajakata, salio lake linaondoka akisikiliza bonyeza moja, bonyeza mbili. Acha iite kwa sekunde kumi na tano hivi mapokezi, na mtambo uipokee tu pale ambapo hakuna mtu. Aliyebipu utamwona kwenye kumbukumbu za simu, na utampigia.

SWALI: Mwandishi, mimi nina duka la dawa Sinza. Ninazo laini tatu za mitandao tofauti ambazo wateja wamezizoea, na sitaki kuwapa namba mpya. Fundi ananiambia kuna kisanduku cha kuchomeka laini zote tatu na kukiunganisha na mtambo wa simu. Ameongeza kwamba nikikiacha kiwashwe usiku kuna watu watakaopitisha simu za kutoka nje ya nchi na kunilipa. Je, ni kweli?
Dada wa Sinza

JIBU: Dada yangu, sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya pili ni kweli pia, na ndiyo itakayokupeleka kituo cha polisi.

Kisanduku hicho kipo, na kwa mtambo wako kinaonekana kama laini yoyote ya nje ya SIP. Kila laini ndani yake hubeba simu moja kwa wakati, kwa hiyo wateja wawili wakipiga namba moja kwa pamoja, wa pili atasikia kwamba inatumika. Kwa simu zinazotoka fundi atataka kupanga kwamba namba zinazoanza hivi zipitie laini ya mtandao fulani ili kubana gharama. Mpango huo ulikuwa mzuri zamani. Tangu Machi 2017 mteja anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake, hivyo tarakimu za mwanzo hazithibitishi tena mtu yuko mtandao gani. Tumia kifurushi cha mitandao yote, uache hesabu hizo. Kiweke karibu na dirisha, mbali na friji ya dawa, maana antena tatu zilizobanana nyuma ya chuma hutoa sauti ya kukwaruza ambayo hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoiondoa.

Kupitisha simu za kimataifa ni biashara inayohitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kuziingiza kwa mlango wa nyuma zionekane kama simu za ndani ni kosa la jinai. Laini hizo tatu zimesajiliwa kwa alama za vidole vyako na kitambulisho chako cha NIDA. Fundi hatajulikana, utajulikana wewe. Tena, hata kwa matumizi ya duka lako peke yake, usikinunue kisanduku kabla hujaiuliza TCRA kama aina hiyo imeidhinishwa, na kabla hujausoma mkataba wa kila mtandao kuhusu kuweka laini katika kifaa cha namna hiyo. Kwako ni jirani kabisa: ofisi zao ziko jengo la Mawasiliano Towers, karibu na Simu 2000.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu, ninaendesha shule ya awali Kigamboni. Kijana wangu ametufungia mtambo wa simu unaofanya kazi vizuri. Shida ni kwamba umeme ukikatika simu zote zinakufa, wakati simu yetu ya waya ya zamani ilikuwa ikiendelea kuita gizani. Tena ninataka simu moja ya shule iwe nyumbani kwangu Kibada, ili wazazi wanipate jioni.
Mwalimu wa Kigamboni

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Kumbukumbu yako ni sahihi. Simu ya waya ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu chenyewe, kiasi cha volti 48 zilizosafiri ndani ya nyaya zilezile zilizobeba sauti, na kituoni kulikuwa na betri. Simu ya mtandao haina mfadhili wa namna hiyo. Mnyororo wake una kompyuta ya mtambo, ruta, swichi ya kugawa nyaya za mtandao, kifaa cha mtoa huduma wa intaneti na simu yenyewe, na kimoja kikizimika vyote ni bure. Nimeona ofisi zilizonunua UPS nzuri, yaani betri ya akiba ya umeme, kwa ajili ya kompyuta na kukisahau kile kisanduku kidogo cha intaneti kilichotundikwa ukutani kwenye korido.

Kijana abadilishe hiyo swichi ya mtandao, aweke ile inayopeleka umeme kwenye simu kupitia waya wa mtandao, kisha swichi hiyo pamoja na vifaa vingine vyote vitegemee UPS moja. Kompyuta kubwa ya mezani humaliza betri upesi. Kwa shule yenye simu chache, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inatosha kuuendesha mtambo mzima na hula umeme kidogo sana. Vilevile awaombe waliowauzia laini waweke mpango kwamba mtambo usipopatikana, simu za wazazi zielekezwe kwenye simu yako ya mkononi. Mpango huo lazima uwe kwao, kwa kuwa mtambo uliozimika hauwezi kuelekeza chochote.

Kuhusu simu ya Kibada, inawezekana, ila asifungue poti 5060 kwa dunia nzima kwa ajili ya simu moja. Msomaji wa Gerezani nimekwisha kumweleza yaliyonipata. Aweke njia ya siri kwa programu iitwayo WireGuard kati ya ruta ya nyumbani na ya shule, na simu yako itaonekana kwenye mtambo kana kwamba iko chumba cha pili, na lile tatizo la sauti ya upande mmoja halitakupata. Panga iite kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, la sivyo kuna mzazi atakayekuamsha saa kumi na moja alfajiri akiuliza kama gari la shule limeondoka. Na siku ya Jumamosi, watoto wakiwa hawapo, mwambie kijana azime swichi kuu ya umeme, apige simu kutoka nje, na ahesabu ni dakika ngapi mtambo utadumu kabla ya simu kuhamia kwenye mkononi wako.